Mawe ya Mizani

Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya gogo
pale Mwanjelwa, bucha ya rangi ya bluu,
nikijua kwa kidole gumba
ng'ombe alichinjwa jana au alfajiri hii,
alitembea kutoka Chunya au alipakiwa lori.
Sasa kidole gumba cha mguu ndicho kinachonijua mimi.
Usiku kinawaka kama kaa,
shuka likikigusa napiga yowe.
Daktari wa Rufaa hakuzunguka:
"Mzee Ambilikile, nyama nyekundu, basi."
Karatasi akampa mke wangu, si mimi.

Tusekile akaenda sokoni peke yake.
Akarudi na paketi ya vipande vya soya,
vikavu, vyepesi kama vizibo.
Akaviloweka, vikavimba, akavikamua, akaviloweka tena,
maana maji ya kwanza yananuka stoo.
Nikatafuna. Nikamwambia,
hii ni sponji iliyosimuliwa habari za nyama.
Hakucheka.

Akaleta chikanda ya Tunduma, ndefu kama mche wa sabuni.
Tamu, siwezi kusema uongo.
Ila shemeji wa Makete akasema
wanachimba viazi vyake mpaka maua ya Kitulo yanapungua,
nikakosa raha katikati ya tonge.

Ndipo nikasema: lete kapu, nikachague mwenyewe.

Soko la Soweto, mama mmoja wa Mbozi na gunia lake la soya.
Nikazamisha mkono mpaka kiwiko.
Nikauma punje: ikipasuka kwa mlio, kavu;
ikibonyea, ilivunwa na mvua.
Nikatafuta tundu la fukusi, nikanusa kiganja.
"Baba bucha, unanunua soya au ng'ombe?"
Nikamjibu, "Sijui bado."

Juni hii maji ya kulowekea yanauma meno.
Punje zililala siku mbili ndipo zikakubali kuvua maganda.
Gwamaka akasaga. Povu likapanda ghafla, korofi,
Tusekile akalituliza kwa kikombe cha maji baridi.
Tukachuja kwa kipande cha khanga
kilichobaki maneno mawili: MAJIRANI MNA.
Ndimu tatu.
Kimya.
Kisha maziwa yakakatika,
mawingu meupe chini, maji ya manjano juu,
Loleza ya asubuhi iliyopinduliwa sufuriani.

Tulikosa cha kukandamizia.
Nikachechemea mpaka bucha, nikaleta mawe ya mizani:
la kilo mbili, la kilo, la nusu,
yale yale yaliyopima figo na sarara.
Nikayapanga juu ya kitambaa.
Maji yakachuruzika mpaka saa kumi.

Kilipofunuliwa kilikuwa cheupe, kimetulia,
hakina upande wa paja wala wa kidari.
Nikashika kisu nisijue nianzie wapi.
Hakuna mshipa wa kufuata,
hakuna mfupa wa kukwambia: hapa, simama.
Nikakata miraba tu, kama mtoto anayechora nyumba.
Tusekile akapaka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu,
akakaanga kwa alizeti bila haraka, hakugeuza
mpaka kingo zilipoanza kusema zenyewe.
Nyanya. Pilipili mbuzi moja, nzima, isipasuke.
Machicha hakutupa, akayafinyanga kababu.
Ugali. Mlango tukafunga, wateja wasione.

Nilikula vipande vinne.
Sitasema ni nyama;
niliyeiuza nusu ya umri wangu siwezi kuisingizia.
Lakini niliomba cha tano,
na Tusekile akajifanya hakusikia
ili niombe tena.

Nje, Bobi alikuwa ameshafika, saa yake ya mfupa.
Nikamtupia mraba mmoja.
Akaunusa, akaugeuza kwa pua,
akautazama, akanitazama mimi,
kama mteja niliyempunja.